Adapta Ishirini na Mbili za Mzee Subiri

Tarehe 30 Juni, saa kumi na nusu jioni, Mzee Subiri atarudisha funguo za chumba cha kompyuta cha maktaba ya chuo chetu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Mkutubi mkuu, anayemfahamu vizuri, amekwisha kuchonga nyingine za akiba.

Aliajiriwa kama mpiga chapa. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa, wenzake waliifunika kitambaa. Yeye aliifungua kwa bisibisi, nayo haikuwaka kwa wiki mbili. Mkuu wa wakati ule akaagiza apewe barua ya onyo. Kwa kuwa mpiga chapa alikuwa yeye peke yake, aliipiga mwenyewe, na akasahihisha makosa matatu ya tahajia kabla ya kujikabidhi.

Jina la Subiri alilipata kwa tabia yake ya kusoma kila mstari unaotokea kwenye skrini, kwa sauti, kidole kikifuata maneno. Ukimharakisha hukuambia hilo moja tu. Wapo walioingia darasa lake la kompyuta vijana wakatoka na mvi, ingawa hao tunawasingizia kidogo.

Mwaka jana alitoa stoo kompyuta ishirini na mbili zilizosubiri kutupwa, akaziwekea Linux, mfumo unaotumika bure na usiodai mashine mpya. Mkurugenzi wa chuo alikataa kuta zitobolewe kupitisha nyaya, ikabidi ziagizwe adapta, vile vidude vya kuchomeka vinavyonasa mtandao bila waya. Amri ikawa kwamba kompyuta zisipopata mtandao kufikia Jumatatu saa nne asubuhi, usajili wa masomo utakapofunguliwa, zote zirudi kwenye takataka na chumba kigeuzwe cha mikutano. Cha nne. Vitatu vilivyopo havijawahi kujaa, na wasio na kompyuta nyumbani wangejisajili wapi, hakuna aliyesema.

Tueleze taratibu. Adapta haizungumzi na kompyuta mpaka kuwe na programu ya kuziunganisha, iitwayo draiva. Draiva ile ilikuwa mtandaoni, na mtandao haukuweza kupatikana bila draiva. Ni sawa na kufungia ufunguo ndani ya nyumba. Mzee aliazima simu ya mkewe, akaichomeka kwa waya kwenye kompyuta moja, akavuta draiva, akaiweka, na taa ya adapta ikawaka. Akainakili kwenye flashi na kuzunguka chumba kizima kama mganga mwenye dawa moja kwa kila ugonjwa.

Kumi na tatu zilikubali. Tisa ziligoma. Mzee akaamua kwamba adapta hizo tisa ni mbovu, akamwandikia muuzaji barua kali ya kurasa mbili. Ilikuwa Ijumaa mchana, na mkurugenzi alishapita na futi ya kupimia meza.

Mkutubi mkuu, aliyekuja kufunga madirisha, aliyatazama maboksi ya adapta, yote sawa kwa rangi na kwa jina, akamwambia kwa upole, "Mzee wangu, jalada kuwa moja si toleo kuwa moja. Umetazama ndani?"

Alikuwa hajatazama. Msomaji wa kila mstari alikuwa amesoma boksi tu. Akaiomba kompyuta iorodheshe vilivyochomekwa, na namba za zile tisa zikatokea tofauti: kiwanda kilikuwa kimebadilisha chipu ya ndani bila kubadilisha boksi. Zilitaka draiva yao nyingine. Mzee alivua miwani, akasema mbele ya wote, "Wazima ni wao. Mbovu ni mimi." Kisha akaandika barua ya pili kwa muuzaji, fupi kuliko ya kwanza.

Jumatatu, saa nne kasoro dakika sita, ya ishirini na mbili iliingia mtandaoni. Wa kwanza kuketi alikuwa fundi wa kuchomelea, mikono ikiwa bado na masizi, akajisajili masomo ya jioni. Mkurugenzi aliagiza kibodi ifutwe. Chumba hakikuguswa.

Wiki iliyopita iliharibika adapta moja. Mkutubi mkuu alikaa kitini mwenyewe: akatazama namba, akatafuta draiva, akaandika amri moja baada ya nyingine. Mzee alikaa pembeni amekalia viganja vyake asije akaigusa kibodi. Taa ilipowaka, Mzee alisimama. Alichukua koti lake, akaenda nyumbani saa tisa alasiri. Katika miaka thelathini na mmoja, hiyo ndiyo siku ya kwanza kuondoka kabla ya muda.

Mzee wetu, ahsante. Hukutuachia mashine tu, umetuachia na wanaoziweza. Nenda ukapumzike, afya iwe nawe, na maisha yakuendee vyema wewe na wote walio nyumbani kwako.