Sista Jinalako, Aliyeuliza Kabla ya Kutoa Dawa

Marehemu mama yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1948, mtoto wa tatu kati ya saba, nyumbani kwa fundi cherehani na mkewe muuza mbegu. Alianza kusoma akiwa na miaka saba, akapenda hesabu kupita kiasi, hata dada zake wakamkimbia kwa sababu alikuwa akihesabu maharage kwenye sahani zao. Januari 1967 alijiunga na chuo cha uuguzi, akahitimu mwaka 1970, na mwaka huohuo akapangiwa wodi ya wanaume katika hospitali aliyoitumikia hadi alipostaafu.

Jina la Sista Jinalako hakuzaliwa nalo. Alilipata kwa jasho la hofu, na yeye mwenyewe ndiye aliyetaka kisa chake kisomwe leo.

Asubuhi ya tarehe 14 Juni 1971, kabla ya chai, alibeba sindano ya kushusha sukari kwenda kitanda namba sita. Namba sita alikuwa mwalimu mwenye kisukari, naye Sista alimzoea kama kaka yake. Asichojua ni kwamba mwalimu alikuwa amebadilishana kitanda na fundi viatu aliyevunjika mguu, ili apate mwanga wa dirishani wa kusomea gazeti. Fundi alikuwa amejifunika shuka hadi usoni, mkono mmoja nje. Sista alishaupangusa kwa pamba, sindano iko tayari, ndipo sauti ikatoka chini ya shuka: "Sista, na hii nayo ni ya mguu?"

Dawa ile ingemshusha sukari mtu asiye na kisukari, tena mwenye njaa, na angeweza kupoteza fahamu asiamke tena. Sista aliimwaga dawa, akaenda kwa metroni, akajishtaki mwenyewe huku machozi yakimtoka. Metroni alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia, "Vizuri umekuja mwenyewe. Nawa uso, andaa nyingine, umpelekee mwalimu. Na umuulize jina."

Tangu siku hiyo alimuuliza kila mgonjwa, "Jina lako nani?" hata wodi nzima ikamwita Sista Jinalako. Alisoma kibandiko cha dawa mara tatu: akiitoa kabatini, akiipima na akiirudisha. Aliuliza mgonjwa amekula nini, anatumia dawa gani nyingine, na ipi iliwahi kumdhuru. Kidonge cha moyo hakukitoa kabla ya kuhesabu mapigo dakika nzima, na daktari aliyemharakisha alijibiwa kwa upole, "Daktari, dakika ni ndogo kuliko kaburi."

Mwaka 1972 aliletewa seremala aliyejikata kwa msumeno, akaandikiwa sindano siku saba. Kila siku Sista alimuuliza jina. Siku ya tano seremala alichoka, akasema, "Sista, hili jina umeliuliza mara tano. Kama umelipenda, lichukue." Alilichukua. Walifunga ndoa tarehe 18 Agosti 1973, wakajaliwa watoto watatu. Baba anasema ndoa haikumpunguzia chochote, kwani hata akiumwa kichwa aliulizwa jina lake kamili jikoni kwake mwenyewe kabla ya kupewa kidonge. Siku moja alijibu kwa jina la jirani, akanyimwa dawa hadi jioni.

Aliongoza wodi tangu 1985 hadi alipostaafu mwaka 2003, akafundisha wauguzi wasiohesabika. Lakini alikuwa na wasiwasi mmoja, na hakuuficha: kwamba akiondoka, watu watazoeana, wataacha kuuliza.

Mwezi uliopita moyo wake ulichoka, akalazwa katika wodi ileile. Hapo ndipo wasiwasi ukawa kweli. Wauguzi walimheshimu mno. Walimletea vidonge wakisema, "Mama, nani hapa asiyekujua?" Naye akawaambia, "Basi sinywi." Mwanawe wa mwisho aliona aibu, akamsihi anywe tu. Mama alikataa kwa huzuni ya kweli, akageukia ukuta.

Siku ya nne aliingia muuguzi mgeni, kijana, kikombe cha dawa mkononi. Alisema, "Shikamoo mama. Samahani, jina lako kamili nani? Na ulizaliwa lini?" Mama aligeuka. Alijibu vyote kwa sauti ya mwanafunzi anayejua jibu. Yule binti akashika mkono wake, akahesabu dakika nzima, akapata mapigo arobaini na manne. Akakirudisha kidonge, akasema, "Hiki leo sikupi mama, kitazidi kuupunguza mwendo wa moyo. Namwita daktari." Mama alicheka hadi mto ukaanguka. Alimwambia mwanawe, "Umeona? Sasa ndiyo nimestaafu."

Aliishi wiki tatu zaidi, akiulizwa jina na kila aliyeingia, akifurahi kila mara. Alifariki usingizini asubuhi ya tarehe 2 ya mwezi huu, akiwa ameruhusiwa kurudi nyumbani, mkono wake mkononi mwa seremala.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu wanane, dada wawili, na wauguzi waliojaza safu zile za nyuma.

Pumzika kwa amani, mama. Ukifika mlangoni utaulizwa jina. Taja kamili, na tarehe ya kuzaliwa.