Nyota ya Shaba ya Dafadari Sarbuland

Sarbuland amestaafu! Miaka ishirini na mmoja juu ya farasi imekwisha tarehe mosi ya mwezi wa Chet, na safari hii hakuja likizo, amekuja kukaa. Haya, sasa ndiyo nawasalimu, watu wa Chak Naurang. Mimi ni Bakht Bibi, mama yake. Wenzake wa kikosi walitaka kuandika wasifu huu, lakini wao walimjua akiwa na sharubu. Mimi nilimjua hajaota meno.

Aliingia jeshini na farasi wetu wenyewe, Motia, kama ilivyo desturi ya kikosi chake. Shangazi zake walicheka sana, maana kijana alikuwa anaogopa jogoo. Bado anamwogopa. Waafghani hawakulijua hilo, tumshukuru Mungu. Akapanda cheo hadi dafadari, yaani sajini wa wapanda farasi, anaamrisha askari, kisha akija nyumbani anaamrishwa na mkewe.

Kifuani ana nishani tatu. Mbili ni za fedha, ya vita vya Afghanistan na ya vita vya milimani. Ya tatu ni nyota ya shaba, utepe wake una rangi za upinde wa mvua. Hiyo nyota nusura ituvunjie ndoa.

Mnajua Mzee Jahandad alileta posa kwa mjukuu wangu Mehtab, binti ya Sarbuland, amwoze mwanawe Nawazish. Alipoiona nyota akakunja uso.

"Fedha hupewa askari, shaba hupewa mchota maji. Hata Kallu mchota maji anayo ya shaba, ya vita vya Burma. Kumbe dafadari mzima alibebeshwa kiriba?"

Na mwanangu, ukimtania naye anatania. Akajibu, "Ndiyo mzee, na kilikuwa kizito."

Alikibeba kweli! Njiani kutoka Kabul kwenda Kandahar alimpandisha Motia askari wa miguu aliyechubuka nyayo, yeye akatembea na kiriba begani. Jahandad hakungoja kuyasikia hayo. Akasema posa imesimama. Mehtab akaacha kula. Baba mtu, aliyewakabili Waafghani kwa mkuki, akawa anamzunguka Motia, sasa farasi mzee, uani hajui la kumwambia binti yake.

Nikavaa viatu. Nyota nikaifunga pindoni mwa shuka, nikaenda kwa Jahandad kuomba mtindi. Mkewe, Raj Bibi, alikuwa anakamua nyati. Shingoni mwa nyati, katikati ya shanga za buluu, naona nini? Nyota!

"Dada, hii nini?"

"Aa, takataka ya marehemu shemeji, Fazal Dad. Alipewa baada ya safari ya Kandahar. Mume wangu akasema shaba haina kazi, basi imkinge nyati na kijicho."

"Kwani Fazal Dad alikuwa mchota maji?"

"Toba! Fazal Dad? Alikuwa askari wa bunduki!"

"Basi niitie mumeo."

Jahandad akaja, nikaiweka ya mwanangu kando ya ile ya nyati. Mapacha. Nikamwambia nilivyoambiwa na Sarbuland: nyota hizi zimetengenezwa kwa shaba ya mizinga iliyotekwa Kandahar, wakapewa walioenda safari ile, mkubwa kwa mdogo. Jahandad akazitazama nyota, akamtazama nyati, akakohoa kikohozi kirefu. Kisha akaivua nyota shingoni mwa nyati kwa mikono miwili, akaifuta kwa kilemba chake.

"Raj Bibi," akasema, "mwongezee Mama Sarbuland mtindi. Na mwambie Mehtab ale."

Amekula. Tena anakula sana.

Asanteni mliomwombea dua mwanangu miaka yote hii. Sarbuland, baba, umetumika vya kutosha. Mungu akupe uzee wenye wajukuu na magoti yasiyouma. Lala mpaka jua litoke; hapa hakuna tarumbeta ya kukuamsha, kuna jogoo tu.

Karamu ya kumpokea na harusi ya Mehtab ni siku moja, ngano ikishavunwa. Jahandad atakuja na nyota ya nduguye kifuani, nyati abaki na shanga zake. Wote njooni, Ijumaa ya kwanza ya mwezi wa Baisakh.