Kipaza na Kura ya Sauti

Wasikilizaji wapendwa, ketini nasi kidogo. Leo tunamkumbuka mwanamke aliyesokota nyuzi kiwandani tangu usichana wake hadi kifua kilipomkatalia. Wenzake walimwita Kipaza, kwa kuwa sauti yake ilizishinda mashine.

"Dada akiniita mimi jikoni, anaitika jirani," anakumbuka mdogo wake. "Ukimwambia apunguze, anakujibu, 'Hivi ndivyo nimepunguza!'"

Wenzake katika idara ya kusokota hawakujaliwa kipawa hicho. Mashine zilinguruma mno, basi wakazoea kuzungumza kwa midomo mitupu, bila sauti, na wakaelewana vizuri. Walimsengenya msimamizi mbele ya macho yake, naye asiambulie neno.

Lakini pamba ina vumbi, na vumbi hilo likishaingia kifuani halitoki. Kipaza alipochaguliwa kuwawakilisha wanawake katika tawi la chama cha wafanyakazi, alidai jambo moja: feni za kuvuta vumbi. Jambo moja tu, wasikilizaji wapendwa. Feni. Mwajiri alisema angepokea dai moja kutoka kwa tawi zima. Wapakiaji nao walitaka zamu zifupishwe kwanza.

Mkutano wa tawi wa kuchagua dai hilo ulifanyika humo humo kiwandani, kati ya mashine zilizozimwa. Kufikia siku hiyo, vumbi lilikuwa limekwisha kumla Kipaza koo. Alitoa hoja yake kwa kunong'ona. Mwenyekiti akauliza, "Wanaotaka feni zitangulie?"

Wanawake wa kusokota, waliokuwa wengi kuliko wote, wakasema ndiyo. Wakaisema kwa midomo. Mazoea yana taabu: mahali palikuwa pale pale, na midomo ikafuata njia yake. Chumba kikabaki kimya.

"Wasiotaka?"

"Siyo!" wakanguruma wapakiaji.

"Waliosema siyo wameshinda."

Kipaza akainua mkono, akaomba watu wahesabiwe.

"Mama, kanuni yetu ni sauti," mwenyekiti akamjibu, tena kwa upole. "Tungewasikia, tungewapa."

Ndipo wenzake wakapiga kelele, wengine wakilia. Hoja ilikuwa imekwisha kufungwa.

Kipaza alifariki wiki iliyopita. Binti yake sasa anasimama kwenye mashine ile ile. "Mama alinikataza," ananiambia. "Nikamuuliza, 'Mama, na dawa zako zitatoka wapi?' Akageukia ukuta." Dawa zenyewe hazikufua dafu. Tulipokuwa tukiagana, binti huyo alikohoa kidogo, akaniomba radhi.

Kwako, binti, kwa mama yako mdogo, na kwa wote wa kusokota: poleni sana. Mola awape subira. Nasi wengine, kabla ya kulala, tujiulize ni nani waliokubali jambo mbele yetu, nasi tukaandika kwamba wamekataa. Kesho asubuhi binti anaingia zamu. Feni hakuna.