Safu Iliyorudiwa: Maisha ya Lorraine Sugden Pryce, 1964–2024

Ndugu waombolezaji, majirani wa Hebblethorpe, na ninyi mliolala kwenye magari yenu huko nje tangu juzi, mimi ni Neville Sugden, kaka wa marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake. Karatasi nilizokabidhiwa ni tatu, ya nne nimeiandika mwenyewe, na mpwa wangu Imogen, binti pekee wa marehemu, aliiona jana jikoni akaniambia, "Mjomba, usithubutu, watu wametoka Wales na Ufaransa kuja kumzika shujaa, wewe unataka kuwapa nini?" Nikamjibu kwamba nitawapa kile alichoniagiza mama yake, naye akatoka akaubamiza mlango. Nayasema haya mapema ili mjue kwamba upo uongo mmoja, uongo wangu mimi, ambao nimeagizwa kuuondoa kabla jeneza halijatoka humu kanisani.

Lorraine alizaliwa hapa Hebblethorpe siku ya Jumamosi, tarehe 14 Machi 1964, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa marehemu Harold Sugden, mfumaji katika kiwanda cha sufu na kiongozi wa wapiga kengele wa mnara wa kanisa hili, na marehemu Edna, mkewe. Kwa wageni ambao hamjui kazi yetu, sisi hatupigi wimbo, tunapiga hesabu: kengele saba hupigwa kila moja mara moja, hiyo ndiyo safu, kisha mpangilio hubadilishwa, na kubadilishwa tena, mpaka namna zote elfu tano na arobaini ziishe, saa tatu bila kupumzika, na sharti ni kwamba safu isirudiwe hata mara moja. Ikirudiwa, kazi nzima inaitwa ya uongo, hata kama masikio ya kijiji kizima hayakugundua, na aliyeitangaza hana budi kusimama mbele za watu na kuiondoa. Baba aliiondoa yake mwaka 1971, miaka tisa baada ya kupongezwa, kwa sababu alikuta kosa daftarini akiwa anasubiri chai ichemke, akaushusha ukutani ubao wa kumbukumbu wenye jina lake, na mama alipomwuliza, "Harold, nani angejua?" alisema, "Mimi hapa, kwani mimi si mtu?" Lorraine alikuwa na miaka saba, na ndiye aliyemshikia ngazi.

Alisoma shule ya msingi ya kijiji hiki kuanzia Septemba 1969, akaendelea na sekondari mjini Halifax hadi Juni 1980, ambako ripoti zake zilisema ana akili nyingi na adabu kidogo, kisha akaenda chuo cha ufundi Bradford na kupata cheti cha kutengeneza redio na televisheni mwaka 1982. Alifanya kazi katika duka la kutengeneza televisheni hadi 1989, na ni katika duka hilo alipokutana na Desmond Pryce wa Leeds, aliyeleta kipaza sauti cha baba yake kilichoungua, baba ambaye alikuja na ufundi wa spika kubwa kutoka Jamaika. Walifunga ndoa tarehe 6 Mei 1989, na Imogen akazaliwa tarehe 22 Oktoba 1990. Wale wawili walijenga spika kumi na mbili za plaiwudi katika banda letu la kondoo, kila moja ndefu kuliko mimi, na kwa miaka mitano vijana wa bonde hili walicheza mbele yake, kwenye machimbo ya mawe na kwenye malisho, bila kumpiga mtu na bila kuacha takataka, na anayebisha aje tuongee nje.

Novemba 1994 ikapita ile sheria. Sitaisoma, ila kipande kimoja mnakijua kwa moyo, kwamba polisi wanaweza kuwafukuza watu mia moja au zaidi waliokusanyika usiku mahali pa wazi wakicheza muziki wenye mapigo yanayojirudia mfululizo, na wanaweza kuchukua vyombo, na mahakama ikaviteketeza. Lorraine alikuja kwangu na gazeti, akalitupa mezani akasema, "Kaka, hawa wameandika sheria dhidi ya ngoma, halafu wameifafanua kama watu wasiojua ngoma. Mapigo yanayojirudia! Basi nitawapigia yasiyojirudia." Nilicheka. Yeye hakucheka, akachukua zile hesabu za baba, akaweka sauti saba za ngoma mahali pa kengele saba, kishindo kizito mahali pa ile kubwa, akaandika safu zote elfu tano na arobaini ndani ya mashine ya kupigia ngoma, na kazi hiyo ilimchukua majira yote ya baridi.

Aliipiga Jumamosi tarehe 10 Juni 1995, katika malisho ya mzee Clegg, kuanzia saa nne na nusu usiku, mbele ya watu mia sita. Polisi walikuja wakiongozwa na Sajini Birtles, ambaye leo ni mstaafu na ninamwona pale nyuma karibu na nguzo, na mazungumzo yao niliyasikia kwa masikio yangu. "Lorraine, mama, zima hizo kelele watu waende nyumbani." "Ni kelele kweli, Sajini, lakini hazijirudii, na sheria yako inataka zinazojirudia. Kaa hapa uhesabu." "Nihesabu mpaka lini?" "Mpaka saa saba na nusu. Supu ipo." Watu walicheka, hata konstebo mmoja alicheka, lakini Sajini alitoa amri rasmi ya kuondoka, Lorraine akakataa rasmi, na palipokucha spika zote kumi na mbili zilikuwa kwenye lori la polisi, na dada yangu alikuwa na mashtaka ambayo yangeweza kumfunga miezi mitatu, huku nyumbani ana mtoto wa miaka minne.

Sasa naanza karatasi ya nne. Wakili wake, Bi Nasreen Mirza, alihitaji shahidi mjuzi wa kuthibitisha kwamba hakuna kilichorudiwa, na kwa kuwa mimi nilikuwa kiongozi wa mnara huu baada ya baba, aliniletea kurasa themanini na nne, safu sitini kila ukurasa, nizikague moja moja kwa mkono. Nilikaa mezani siku tano. Siku ya nne, saa kumi jioni, nikiwa ukurasa wa sitini na nane, nilifika kwenye safu ya tatu, saba, moja, tano, mbili, sita, nne, na nilikuwa nimeshaiona. Nikarudi nyuma, nikaikuta ukurasa wa thelathini na tisa. Nikatia nukta ndogo ya penseli pembeni ya zote mbili, kama nilivyofundishwa, kisha nikakaa mpaka giza likaingia bila kuwasha taa.

Sikumwambia mtu. Niliogopa, na sitalipamba neno hilo. Jumanne tarehe 12 Septemba 1995 nilisimama kizimbani nikaweka mkono juu ya Biblia, na mwendesha mashtaka, kijana mpole mwenye mafua, akaniuliza kama katika kazi yote ile ipo safu iliyorudiwa. Nilimtazama dada yangu, kisha nikamtazama Imogen akila biskuti kwenye mapaja ya baba yake. Nikasema hakuna. Akauliza, "Hata moja, Bwana Sugden?" Nikasema, "Hata moja." Hakimu akaamua kwamba muziki ule haukuwa ule unaotajwa na sheria, kwamba amri ya kuondoka haikuwa na nguvu, na spika zirudishwe, na ninyi mkambeba Lorraine mabegani hadi kituo cha basi, mkachapa zile fulana zenye neno HAIJIRUDII, ambazo nawaona mmezivaa leo ndani ya makoti yenu.

Siku kumi na sita baadaye alikuja nyumbani kwangu akiwa na kurasa mbili mkononi. Wakili alikuwa amemrudishia mafaili, na yeye alikuwa anaziandaa safu zichapwe kitabu. Hakukaa. Aliweka ukurasa wa thelathini na tisa juu ya meza, kisha wa sitini na nane, akaweka kidole kwenye nukta, akasema, "Kosa ni langu, nitalibeba. Hii penseli ni ya nani?" Akaendelea, "Uliiona, kaka. Uliiona, ukaapa." Nilimwambia nilifanya kwa ajili yake, akaniambia, "Kwa ajili yangu ungeniambia." Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, na yangu haikufika hata mwisho wa mwezi.

Nataka mwelewe alichofanya baada ya hapo, kwa sababu wengi mmemsifu kwa unyenyekevu na wengine mmemlaumu kwa woga. Hakuipiga tena kazi ile mahali popote. Alikataa ichapwe, alikataa kuhojiwa na magazeti, na alipoitwa London Machi 1996 kuizungumzia mbele ya umati alisema anaumwa meno. Angeiondoa siku ileile, huyu alikuwa mtoto wa Harold Sugden, lakini kuiondoa kulikuwa ni kunipeleka mimi jela kwa kiapo cha uongo, basi akanyamaza miaka ishirini na minane na kunyamaza kule kukamla. Mimi niliacha uongozi wa mnara mwezi uleule, nikasingizia magoti. Bi Mirza, nilipomwungamia wiki iliyopita, alishusha pumzi akasema safu moja katika elfu tano si mfululizo, na kwamba huenda tungeshinda hata kwa ukweli. Hilo "huenda" ndilo nililomwibia dada yangu.

Tangu 1998 hadi 2019 alifundisha elektroniki chuoni Bradford, na wanafunzi wake wamejaza mabenchi matatu hapa. Novemba 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akatibiwa hospitalini Halifax, na akafariki nyumbani Alhamisi tarehe 8 Februari 2024, saa mbili asubuhi, akiwa na miaka hamsini na tisa, Desmond amemshika mkono mmoja na Imogen mwingine. Siku tatu kabla aliniita peke yangu. "Nikiwa hai nisingeweza, ningekufunga kwa mkono wangu," alisema, "lakini silali na kitu cha uongo juu yangu. Iondoe." Nikamwuliza, "Na wakinifunga?" Akasema, "Watakupikia chai nzuri kuliko yako."

Kwa hiyo, mimi, Neville Sugden, mbele ya mnara huu na mbele yenu, natangaza kwamba kazi ya safu elfu tano na arobaini iliyopigwa tarehe 10 Juni 1995 ilikuwa na safu moja iliyopigwa mara mbili, ya 2,311 na ya 4,047, na nyingine moja haikupigwa kabisa, kwamba nilijua, na kwamba niliapa sijui. Naiondoa. Fulana zenu msizivue, kwa sababu kusimama mbele ya lori la polisi na kumwambia Sajini ahesabu kulikuwa kweli kuanzia mwanzo hadi mwisho, na kosa la hesabu alikuwa tayari kulikiri siku yoyote. Aliyemzuia ni mimi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani walioleta vyakula ambavyo bado hatujavimaliza, walimu wenzake wa chuo, mzee Clegg kwa malisho yake, na Sajini Birtles, ambaye amefika ingawa hakualikwa, na ambaye nyumbani kwangu anapajua. Imogen, mwanangu, nisamehe au usinisamehe, nitakuwepo.

Lorraine, imeondolewa. Lala sasa, dada yangu.