Bi Nilofer na Beseni la Kuoshea Kwapa

Baada ya miaka thelathini na mbili katika chumba cha picha cha hospitali yetu, Bi Nilofer Kurbanali anastaafu tarehe 30 Juni. Kalamu nimepewa mimi, dereva wa gari la wagonjwa, maana mwandiko wa madaktari mnaujua. Shule niliishia darasa la sita, lakini nimekanyaga Lusaka na Muscat, na kote huko sijaona mwanamke mbishi kama huyu.

Hapa Tanga mwanamke haendi kupigwa picha ya matiti hivi hivi. Anaoga, anajifukiza udi, anajipaka dalia, ule unga wa manukato, na poda mpaka kwapani. Sasa poda kwenye picha inatoka nukta nyeupe, na saratani nayo ina nukta zake. Bi Nilofer akaweka beseni na sabuni mlangoni. Ikawa kesi! Kumwambia mwanamke wa pwani akaoshe kwapa ni kumtukana yeye na ukoo wake. Mganga mfawidhi akaamuru beseni liondolewe. Bi Nilofer akaleta la pili.

Mwaka juzi Mwamvua, mkaanga maandazi wa Nguvumali, aligoma kunawa. Picha ikatoka nukta tupu kwapani. Alipoombwa arudie, akavuta buibui lake akaondoka. Wakubwa wakasema ni dalia tu, aitwe mwingine. Bi Nilofer akakataa kuisaini picha ile, akapakia beseni kwenye gari langu, tukamfuata.

Mwamvua akamuuliza mbele ya majirani kama huko kwao Raskazone hawana pua za kunusia manukato. Mimi nikaambiwa nigeukie ukuta. Bi Nilofer akaosha makwapa yake mwenyewe kwanza, palepale uani, kisha akasema, "Kesho utanukia, dada. Leo nionyeshe tezi."

Mwamvua akanawa, nikawarudisha wote hospitali. Kwenye picha ya pili nukta zilitoweka zote. Ikabaki tezi moja ya kwapani, imevimba. Ultrasaundi na sindano ya kuchukua kipimo vikathibitisha: saratani ya titi ilishafika kwenye tezi. Madaktari wakabadili mpango wote, dawa kwanza, kisu baadaye, na kwapa nalo likasafishwa, tezi zikatolewa.

Nasikia wapo wanaongoja Bi Nilofer aondoke ili mambo yarudi kama zamani. Wajaribu. Kila Jumatano ya kliniki Mwamvua anakaa pale mlangoni, kando ya beseni, na wanawake wenzake, mzima, na mdomo wake hauna breki.

Bi Nilofer, ahsante. Kapumzike na afya tele, ule, ulale, ucheze na wajukuu. Ubishi tuachie sisi.