Gita la Fundi Milango

Barazani nyuma ya soko la Darajani, kahawa ya asubuhi hainywewi bila ya ubishi. Leo ubishi kauleta Haitham, fundi milango, aliyepakata gita alilolichonga kwa mkono wake kwa ajili ya bintiye, Nadra. Kesho harusi ya shoga yake Nadra, na mtoto keshautangazia mtaa kuwa atapiga gita la baba. Kwa sura, gita zuri, linang'aa. Ila ukizigusa nyuzi linasema "bup", basi. Haitham hakulala kwa aibu.

— Ndani umetia nini? akauliza Masoud, muuza mabomba, wanayemwita Injinia.

— Mbao za kuushika ubao wa juu, nyuzi zisije zikauvunja. Za mninga, nene kama komeo la mlango. Nimetia sita.

— Ongeza sita. Haba na haba hujaza kibaba.

— Si litazidi uzito?

— Ndiyo sauti nzito hiyo. Umemwona wapi mtu mwembamba akanguruma?

Ahmada, wanayemwita Redio kwa kuwa hazimiki, akatua kikombe.

— Mbao hazina kosa. Toboa tundu jengine nyuma, upepo upite. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Mgeni gani tena?

— Si huo upepo.

— Upepo utaleta unyevu, akasema Injinia. Ziba pembe kwa saruji.

— Saruji ya nini? Gita limelala tu hilo. Limwagie kahawa tunduni, litaamka.

Haitham, masikini, akakitazama kikombe chake. Akakinyanyua.

— Shikamooni.

Alikuwa Nadra. Wakaitika marahaba, na kikombe kikarudi chini upesi. Binti akamulika tunduni kwa simu, akachungulia.

— Baba, makomeo yote haya, unamzuia nani asiingie?

Injinia akajikuna kidevu. Redio akazimika.

Haitham akacheka peke yake. Umri mzima kazi yake ni kuhakikisha ubao hautikisiki, na hapa hakutaka kumpa mwanawe kitu cha kumvunjikia mikononi. Kumbe ubao huu usipotikisika hausemi.

Mkono wake haukupita tunduni. Wa Nadra ukapita. Haitham akalegeza nyuzi, akampa binti patasi ndogo na msasa.

— Zipunguze hizo mbao taratibu, mwanangu. Anza na ncha.

Mpaka adhuhuri, dele la kahawa limeshakauka zamani, hakuna aliyeondoka. Haitham akakaza nyuzi, akaugusa mmoja kwa woga.

Gita likaitika.