Neža Kosmač Aligonga Lango

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Epueni sufuria kidogo, maharage hayaendi popote. Leo tunamkumbuka Neža Kosmač wa hapa kwetu Podlesk. Neža aliyewasha moto mlimani. Wimbo wake mnaujua. Wimbo unasema alibaki juu kwa hiari yake, akichochea moto ili sisi tupone.

Hakubaki. Alishuka. Alishuka mbio, akafika langoni, akagonga.

Hivyo ndivyo ukoo wa Kosmač unavyosimuliana, mama kwa binti, wakati wa kumenya mahindi. Bibi Terezija Kosmač ndiye aliyetusimulia, nasi tulishindwa kumtazama usoni.

Ilikuwa zamani, enzi Waturuki walipokuja kuteka watu, asubuhi moja ya majira ya kukata nyasi. Mlinzi wa mlimani, mwenye kazi ya kuwasha moto wa kuonya kijiji, hakuwepo. Bwana wa ngome alikuwa amemwita akamkatie nyasi zake. Nyasi za wakubwa hazingoji. Na amri ilikuwa palepale: rundo la kuni za moto huo lisiguswe bila ruhusa ya ngome. Neža alikuwa huko juu na mbuzi wake. Akaona vumbi la farasi wa Waturuki ng'ambo ya mto. Hakungoja ruhusa ya mtu. Akawasha, akatupia majani mabichi, moshi ukapanda.

Watu wakauona. Wakakimbilia kanisani, ndani ya ukuta unaolizunguka. Jernej, mumewe, naye akaingia, kambeba binti yao Katra. Wote wakaingia. Neža bado.

Ufunguo alikuwa nao Boštjan, mkuu wa kijiji. Akafunga lango. Jernej akamwambia Boštjan kwamba Neža yuko njiani, kitambaa chake cha kichwa kinaonekana pale malishoni.

"Mkeo ana miguu mizuri," Boštjan akasema. "Si ndiyo iliyompeleka kuchoma kuni za bwana? Basi impeleke msituni akajifiche."

Kuna waliocheka. Ndiyo, walicheka.

Kisha lango likagongwa.

"Baba Katra, ni mimi. Hawajavuka mto bado. Fungueni."

Jernej akamtazama Boštjan. Boštjan akatazama ukuta. Mama mmoja akanong'ona kwamba wasifungue, kuna watoto humu. Jernej alikuwa na mabega ya mkata miti. Ufunguo ule angeunyakua kwa mkono mmoja. Lakini maisha yake yote alizoea kungoja kuambiwa. Akangoja. Neža akagonga tena. Halafu pakawa kimya.

Waturuki walimchukua. Hakuonekana tena. Na kwetu mtu akifa, majirani huja kukesha na maiti, hula mkate, hutoa pole. Maiti haikuwepo, basi hakuna aliyekwenda. Kutoa pole kungekuwa kukiri kwamba lango lilifungwa. Badala yake Boštjan akaagiza utungwe wimbo. Kila ulipoanza kanisani, Jernej alitoka nje. Watu wakasema ujane umemharibu.

"Sisi hatutaki sanamu," Bibi Terezija alituambia. "Tunangoja mtu aje aseme pole. Kahawa ipo."

Wasikilizaji wapendwa, ufunguo aliushika Boštjan, na wakubwa wa namna yake hawajaisha. Lakini waliojaa ndani ya ukuta ule ni babu na bibi zetu. Jumapili tutaimba tena. Kabla hujafungua kinywa, jiulize unaimba nini.

Familia ya Kosmač, poleni. Tunawapa pole kwa Neža wenu. Aligonga, na sisi tulimsikia.